Swali Linalotangulia

Neno ngeli, wapenzi wa lugha, tumelizoea katika vitabu vya sarufi. Wengi wetu tulilikariri shuleni pamoja na orodha yake ndefu, A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I na ndugu zake, kisha tukalifungia daftarini. Mimi nimelikuta tena mahali ambapo sikulitarajia: ndani ya msimbo wa kurasa za intaneti. Ninaishi Nakapanya, mkoani Ruvuma, kando ya barabara itokayo Mangaka kwenda Tunduru, na nyakati za jioni huwafundisha vijana wachache kutengeneza kurasa za wavuti kwa kompyuta mpakato iliyokwisha kuzeeka. Kazi tuliyojipa ni ya kishairi. Tunapanga mashairi katika ukurasa, ili msomaji akibonyeza mahali fulani, kibwagizo cha kila ubeti kikolezwe rangi na mishororo mingine ibaki kama ilivyo. Ni kazi ndogo, lakini ndani yake mna swali ambalo Kiswahili kimekuwa kikiliuliza kwa karne nyingi, na namna kinavyoliuliza ina funzo kwa mwandishi wa msimbo, na funzo kubwa zaidi kwa mtunzi wa mashairi.

Nianze na msimbo wenyewe, kwa kuwa najua kwamba wasomaji wengi hapa ni watu wa beti kuliko watu wa mitambo. Ukurasa wa wavuti hujengwa kwa vipengele: kichwa, aya, picha, mshororo. Kila kipengele chaweza kupewa jina moja au majina kadhaa yanayoeleza kimo katika kundi gani. Lugha ya mitindo iitwayo CSS, ambayo Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994 na ambayo toleo lake la kwanza lilipitishwa rasmi Desemba 1996, huyatumia majina hayo kuamua sura: kila chenye jina hili kiwe na herufi nene, kila chenye jina lile kisogezwe kulia. Lugha ya pili, JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitunga mwaka 1995 kwa muda wa siku 10, huyatumia majina hayohayo kwa kuuliza na kutenda. Kipengele kikiwa na jina hili, fanya hivi. Kisipokuwa nalo, fanya vile. Kwa kibwagizo chetu swali hilo huandikwa hivi:

if (mshororo.classList.contains("kibwagizo")) {
  mshororo.style.color = "maroon";
}

Kwa Kiswahili: mshororo huu ukiwa na jina la kibwagizo katika orodha ya makundi yake, upakwe rangi ya damu ya mzee. Usipokuwa nalo, uachwe. Hayo ndiyo yote yaliyomo. Kivinjari hupitia mishororo mmoja baada ya mwingine, huuliza swali hilohilo kwa kila mmoja, na hutenda kwa kadiri ya jibu.

Ugumu wa kwanza uliotupata ulikuwa wa istilahi. Kundi hilo tuliite nani? Vijana walikuwa wakisema klasi, kwa kuwa ndivyo walivyolisikia. Mmoja alipendekeza darasa, lakini darasa kwetu ni chumba chenye ubao na madawati, au mafunzo yenyewe. Mwingine alisema tabaka. Neno hilo lina uzito wake katika historia ya nchi hii, na humfanya msikilizaji afikirie walio juu na walio chini, ilhali makundi ya ukurasa hayana juu wala chini. Lilitajwa pia daraja, na kwa kijana wa Nakapanya daraja lina maana iliyo wazi kuliko zote, kwa sababu kila msimu korosho ghafi hupangwa daraja la kwanza na daraja la pili kabla ya kwenda mnadani. Lakini daraja nalo hupandisha na kushusha. Korosho ya daraja la pili ni korosho iliyopungukiwa na kitu. Mshororo usio kibwagizo haujapungukiwa na chochote.

Nilipendekeza ngeli. Inaelezwa kwamba neno hili lilitoka katika Kihaya, likiwa na maana ya aina ya kitu, na wanasarufi wa Kiswahili wakalichukua kuzipangia nomino. Waingereza, kwa upande wao, hutumia neno moja kwa ngeli za nomino na kwa makundi ya ukurasa wa wavuti. Sisi tuna neno letu ambalo halijachoka kwa matumizi mengine, nalo lina sifa ambayo maneno yale manne hayana: ngeli huleta upatanisho. Nomino ikitajwa, kivumishi, kionyeshi na kitenzi hujipanga nyuma yake na kuvaa sare yake. Vivyo hivyo, kipengele cha ukurasa kikipewa jina la kundi, rangi, ukubwa na nafasi yake hujipanga kulifuata jina hilo. Mtindo wa CSS ni upatanisho wa kisarufi uliohamia kwenye rangi na vipimo.

Ili vijana walione jambo hilo nilitumia mti ambao wote wameukulia chini yake. Mkorosho umechanua. Bibo limeiva. Korosho imeanguka. Mti ni mmoja, na ngeli ni tatu: U-I, LI-YA, I-ZI. Hakuna mtoto hapa atakayesema bibo imeiva na mkorosho limechanua, ijapokuwa hakuna aliyemketisha na kumfafanulia. Wengi wao hukua na Kiyao nyumbani, lugha yenye ngeli zake: mtu ni mundu, watu ni wandu, kitu ni chindu, vitu ni indu. Kwa hiyo kabla ya kuingia darasa la kwanza, kijana huyu amekwisha kuuliza na kulijibu swali la ngeli katika lugha mbili, mara nyingi kuliko kivinjari chochote atakachokitumia maishani. Alipofika kidato cha kwanza, masomo yakageuka yakawa ya Kiingereza, na kile alichokuwa akikijua kikaja kwake kimevaa nguo za ugeni. Hilo ndilo lililonifanya nishikilie istilahi hii. Kijana anayeambiwa "angalia kama kipengele kina ngeli hii" anaanza safari akiwa na mtaji. Anayeambiwa maneno asiyoyajua huanza akiwa mtupu, na huenda akadhani kwamba akili ya kazi hii ni mali ya watu wengine.

Sasa tuje kwenye namna ya kuuliza, maana hapo pana mitego. Miaka ya mwanzo JavaScript haikuwa na njia ya kuyatazama majina ya ngeli moja moja. Yote yalisomwa kama mfuatano mmoja wa herufi, na mfuatano huo uliitwa className, yaani jina la ngeli, kwa sababu neno fupi zaidi lilikuwa limewekwa akiba kwa matumizi mengine ya lugha hiyo. Mwandishi alikuwa na njia mbili za haraka. Ya kwanza ni kulinganisha mfuatano mzima: je, ni sawasawa na "kibwagizo"? Mshororo wenye ngeli mbili, ulioandikwa "mshororo kibwagizo", ungejibiwa hapana, ijapokuwa ni kibwagizo dhahiri. Njia ya pili ni kuzitafuta herufi popote zilipo ndani ya mfuatano. Hii nayo hukosea kwa upande mwingine. Ukitafuta "kina" utajibiwa ndiyo na kinanda. Ukitafuta "shairi" utajibiwa ndiyo na ushairi, na mashairi, hata kama ulitaka utungo mmoja tu. Herufi zimo, lakini neno halimo.

Ndiyo sababu njia ya sasa ikaletwa, ile niliyoiandika hapo juu, ambayo huyachukua majina kama orodha na kuliuliza kila jina likiwa zima. Haiwezi kuchanganya kina na kinanda. Ni kali hata kwa herufi kubwa na ndogo, kiasi kwamba "Kibwagizo" chenye herufi kubwa mwanzoni si "kibwagizo" mbele yake.

Mpenzi wa lugha akiusikia mtego huo wa herufi atatabasamu, kwa sababu Kiswahili kimeutumbukia mara nyingi na kimejenga nyumba humo. Kitabu ni neno la Kiarabu, na ki yake ni sehemu ya mzizi. Lakini sikio la Mswahili lilisikia ki mwanzoni likasema hii ni KI-VI, na wingi ukawa vitabu. Madereva wa Kiingereza waliambiwa washike kushoto wanapouzunguka mviringo wa barabara. Agizo hilo likageuka jina la mahali, kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Bati linalozuia tope juu ya gurudumu la baiskeli liliingia na ma ya Kiingereza mwanzoni mwake, tukayaita madigadi, na likibaki moja ni digadi. Katika kila mfano, lugha ilitazama herufi za mwanzo, ikapata zinazofanana na kiambishi inachokijua, ikahukumu. Mwandishi wa msimbo angeita hilo dosari. Kwetu ni ukarimu, kwa kuwa mgeni hupewa kiti kilicho karibu, na baada ya muda hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa mgeni.

Lakini tazama palipo na mpaka wa ukarimu huo. Lugha yetu hukubali kuhukumu kwa herufi za mwanzo pale inaposhughulika na vitu. Inapofika kwa mtu au mnyama, hukataa. Kipofu ana ki sawa na kitabu, na wingi wake ni vipofu sawa na vitabu, ila husemwi kipofu kimefika. Husemwa kipofu amefika. Kiongozi amesema. Kijana ameondoka. Kiziwi ameelewa. Hata kwa wanyama: kifaru amelala, kipepeo ameruka, kiroboto ameuma. Chura na chui wana ch kama chakula na chumba, na hakuna anayesema chura kimelia. Mitume wamevaa mi ya miti na mikono, hata hivyo twasema mitume walikuja.

Wanasarufi wamejadiliana kwa muda mrefu kuhusu maneno haya. Tangu Wilhelm Bleek alipoanza kuzipanga ngeli za lugha za Kibantu kwa namba katika karne ya 19, njia ya kimapokeo ilikuwa kutazama umbo la nomino: kipofu, kwa umbo lake, akae na kitabu. Baadaye ikaja njia ya kutazama upatanisho: kipofu, kwa kitenzi chake, akae na mtu. Vitabu vya shule vimeifuata hii ya pili, na ndiyo maana tunakariri A-WA badala ya M-WA. Kila njia ilitaka kumpa kipofu ngeli moja, na kila njia ilibaki na masalio mkononi.

Msimbo wa ukurasa umenipa namna ya kuliona jambo hili bila kulazimika kuchagua upande. Kipengele kimoja chaweza kubeba ngeli zaidi ya moja. Nikiliandika neno kipofu katika ukurasa na kulipa class="ki uhai", nimesema yote mawili: umbo lake ni la KI-VI, na kinachotajwa ni kiumbe chenye uhai. Hakuna kinachogombana. Tena, katika orodha hiyo mpangilio wa majina hauna maana. "Ki uhai" na "uhai ki" ni kitu kimoja mbele ya kivinjari. Ngeli zenyewe hazijui ipi ni mkubwa wa nyingine. Anayeamua ni muulizaji, na anaamua kwa jambo moja tu, nalo ni swali analolitanguliza.

if (jina.classList.contains("uhai")) {
  kitenzi = "amefika";
} else if (jina.classList.contains("ki")) {
  kitenzi = "kimefika";
}

Katika mfululizo wa masharti kama huu, sharti la kwanza lililotimia ndilo linalotenda, na yaliyobaki hayaulizwi tena. Kipofu akipita hapa, swali la kwanza humpata: ana uhai, basi amefika. Kitabu kikipita, swali la kwanza hukikosa, la pili hukipata: kimefika. Sasa geuza mpangilio. Uliza ki kwanza na uhai baadaye. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa, hakuna alama iliyofutwa, na kivinjari hakitalalamika hata kidogo. Ila kipofu atapita pale na kuitwa kimefika. Alama ya uhai anayo bado. Hakuna aliyefika kuiuliza.

Niliwaambia vijana wapitishe maneno hayo kumi, kwa mpangilio wa kwanza na kwa mpangilio wa pili, wasome matokeo kwa sauti. Walicheka sana kwa kifaru kimelala na chura kimelia. Walipofika kiziwi kimeelewa kicheko kilipungua.

Nadhani kilipungua kwa sababu sisi sote tumekwisha kuusikia mpangilio huo wa pili ukitumika, na si kwenye kompyuta. Msimu mmoja wa korosho nilikuwa katika foleni ya mizani, mahali ambapo wakulima hupeleka mavuno yao. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Kufungua kiroba chake kulichukua muda. Kijana mmoja nyuma, mwenye haraka zake, akasema kwa sauti ya kusikika: "Kizee hiki kinatuchelewesha." Watu walinyamaza. Mzee aliinua uso, akakigusa kiroba, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, hiki ni kiroba." Kisha akajigusa kifua. "Mimi ni huyu." Akaendelea kufungua kamba. Yule kijana akasogea mbele, akasema, "Nisamehe, babu," akamsaidia kunyanyua.

Mzee yule hakutoa hotuba juu ya heshima. Alisahihisha upatanisho wa kisarufi, basi, na kila aliyekuwa katika foleni ile alielewa kilichosahihishwa. Tazama pia kwamba hakukataa kuitwa kizee. Neno hilo lina umbo lake na umri anao. Alichokikataa ni hiki na kinatuchelewesha, yaani lile jibu linalopatikana pale swali la umbo linapotangulizwa mbele ya swali la uhai. Kizee huyu anatuchelewesha lingekuwa lalamiko la kawaida la foleni. Mabadiliko ya silabi mbili tatu yaliligeuza kuwa tusi.

Kwa hiyo lugha yetu imempa kila msemaji uwezo wa kuugeuza mpangilio. Jitu lile limepita, kijitu hiki kimeingia: huko ni kuliruka swali la kwanza kwa makusudi. Nisiseme kwamba kulirukia daima ni dharau. Mama anayesema kitoto changu kimelala anamdogosha mwanawe kwa mapenzi, na hakuna atakayemlaumu. Alama za maneno ni zilezile kwa mama na kwa yule mwenye haraka zake. Tofauti imo katika sauti na katika moyo, na hayo kivinjari hakina jinsi ya kuyauliza. Sisi watunzi tunayo. Mshairi anapochagua a au ki kwa mtu aliyemtaja, ameamua msomaji amtazame mtu huyo kwa jicho gani, na wakati mwingine mizani nane zitamshawishi aongeze au apunguze silabi pasipofaa. Hapo inampasa ajue kwamba hatoi silabi tu.

Wala nisidai kwamba swali la uhai ni jepesi. Mkorosho una uhai. Unakula, unakua, unakufa, lakini hatusemi mkorosho amechanua. Uhai unaoulizwa na sarufi si ule wa somo la biolojia. Ni uhai wa anayetembea, anayeruka, anayeogelea, anayeweza kukutazama nawe ukamtazama. Kisha kuna maneno yanayosimama mlangoni. Maiti amezikwa, husema mmoja. Maiti imezikwa, husema mwingine, na wote wawili ni wasemaji wazuri. Lakini nenda msibani usikilize: marehemu huwa ni a daima. Marehemu ameacha watoto wanne. Marehemu alikuwa mcheshi. Uhai wa mwili umetoka, na swali la kwanza la lugha bado linajibiwa ndiyo, kwa sababu waliobaki hawajakubali kumtoa katika orodha.

Kuna pia maneno ambayo humjibu kila muulizaji kwa namna yake. Rafiki yangu amefika: kitenzi kimeuliza uhai kikapata a, lakini kimilikishi hakikuuliza hilo, kilisema yangu, kama kalamu yangu na nyumba yangu. Kwa ng'ombe twasema ng'ombe wangu amefika. Ndugu, dada, mama, baba, rafiki, na hata adui, wote huwa yangu. Ukiandika msimbo wa kupatanisha Kiswahili, hapa itakubidi uandike sharti jingine kabla ya yale mawili, kwa ajili ya vimilikishi peke yake: kama ni jina la ujamaa au la uhusiano wa karibu, sema yangu. Vijana waliuliza kwa nini. Niliwajibu kwamba mpangilio wa masharti ni kumbukumbu ya mambo ambayo wasemaji waliotangulia waliona yanastahili kuulizwa mapema, na kwamba ujamaa ni mojawapo.

Limebaki sharti lenyewe, yaani ile if ya msimbo. Kiingereza hutumia neno kamili lililojitenga. Kiswahili nacho kina kama, ikiwa, iwapo na endapo, lakini hazina yake kubwa imo ndani ya kitenzi. Ukija, nitakupa. Usipokuja, sitakupa. Ki na sipo ni if na else zilizofungwa pamoja kama vipande viwili vya mshororo, na methali zetu nyingi zimejengwa juu yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwandishi wa msimbo aliyezaliwa katika methali hizi hahitaji kufundishwa kufikiri kwa masharti. Anahitaji kuonyeshwa kwamba kile anachokijua ndicho kinachotakiwa.

Ila Kiswahili kina masharti mengine mawili ambayo JavaScript haina. Ungekuja, ningekupa: nge hutazama jambo ambalo halipo ila lingewezekana. Ungalikuja, ningalikupa: ngali hutazama mlango uliokwisha kufungwa. Kivinjari hujua ki peke yake. Huuliza hali ilivyo sasa hivi, hujibiwa ndiyo au hapana, husonga mbele. Majuto ni mjukuu, na kompyuta haina mjukuu. Kama mpangilio wa maswali ulikuwa mbaya, haitarudi kusema ningaliuliza uhai kwanza. Kazi hiyo ni ya aliyeandika, na ni lazima aifanye kabla.

Ndiyo maana nashikilia kwamba istilahi ya kuangalia kundi la kipengele kwa sharti iwe kuuliza ngeli. Faida yake ya kwanza ni kwa kijana anayejifunza, ambaye ataona kwamba kompyuta inafanya polepole na kwa ukavu kile ambacho ulimi wake hufanya upesi na kwa utamu. Faida ya pili ni kwa wale watakaoandika programu za kusoma, kusahihisha na kutafsiri Kiswahili, ambazo tayari zimo mikononi mwetu na zitaongezeka. Programu hizo zitapita kwenye kipofu, kiziwi, kizee na kilema maelfu ya mara kwa siku. Aliyeziandika akiwa ametazama ki kwanza, zitasema kile mzee wa foleni alichokikataa, na zitakisema bila haya, bila hata kujua kwamba zimetukana. Afadhali maswali hayo yaandikwe na watu wanaojua kwa nini moja linatangulia jingine.

Ukurasa wetu wa mashairi sasa unafanya kazi. Ubeti wa kwanza tuliouweka ili kuujaribu tuliutunga wenyewe, na mshororo wake wa mwisho ndio uliopewa ngeli ya kibwagizo:

Kila jina lina ngeli, swali ulitangulize,
Je, ni mtu huyu kweli? Utu wake utukuze,
Umbo na liwe la pili, nyuma yake liulize,
Utu kwanza, umbo mbali, lugha na ituongoze.